Weupe Ndani ya Mboni: Somo Kuhusu Saratani ya Jicho kwa Watoto Wadogo

Safu hii ya huduma za afya huandika zaidi juu ya malaria, chanjo na maji safi, kwa kuwa mambo hayo humgusa kila mkazi. Safari hii tunageukia ugonjwa ambao wasomaji wengi hawajapata kuuona, na yamkini hawatauona maishani. Ni saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo, ambayo wataalamu huiita retinoblastoma. Hukadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya watoto 16,000 hadi 20,000 wanaozaliwa hai. Kwa hesabu hiyo, wilaya inayozaliwa watoto 10,000 kwa mwaka itapata mgonjwa mmoja katika kila miaka miwili hivi. Mganga wa zahanati anaweza kufikia umri wa kustaafu bila kukutana nao hata mara moja.

Uadimu huo ndio unaoufanya uwe wa hatari kuliko unavyostahili. Mtu wa kwanza kuiona dalili ya ugonjwa huu, karibu kila mara, si daktari. Ni mama anayemnyonyesha mtoto jioni taa ikiwa pembeni, ni bibi anayemwogesha, au dada anayecheza naye barazani. Iwapo huyo aliyeona hajui alichokiona, miezi hupita. Kwa hiyo somo hili limeandikwa kwa ajili yake.

Ndani ya jicho, upande wa nyuma, kuna utando mwembamba uitwao retina. Kazi yake ni kuupokea mwanga na kuugeuza kuwa taarifa ambazo mshipa wa fahamu huzipeleka ubongoni, nasi tukaona. Kwa mtoto aliye tumboni na katika miaka yake ya mwanzo, chembe za utando huo bado zinakua na kugawanyika. Saratani hii huanzia hapo, chembe moja inapopoteza breki zake na kuendelea kugawanyika bila kikomo. Ndiyo sababu wagonjwa wake takriban wote ni watoto wa chini ya miaka 5; retina ikishakomaa, nafasi ya ugonjwa kuanza hupungua mno.

Uvimbe unaoota hapo huwa na rangi nyeupe au ya maziwa. Kwa kawaida lile tundu jeusi lililo katikati ya jicho, yaani mboni, huonekana jeusi kwa sababu ndani kuna giza. Uvimbe ukikua, mwanga unaoingia hugonga ule weupe na kurudi nje, na mboni huonekana kung'aa. Wazazi hueleza jambo hili kwa namna nyingi: jicho linamweka, lina kioo ndani, linawaka kama jicho la paka lililomulikwa usiku. Maelezo yote hayo ni sahihi, na mhudumu wa afya anayeyasikia hapaswi kuyapuuza. Aghalabu mng'ao huo hauonekani wakati wote. Huja mtoto anapotazama upande fulani, au chumba kinapokuwa na mwanga hafifu na mboni ikapanuka. Mchana juani hutoweka. Mama akifika kliniki saa nne asubuhi na mhudumu asione kitu, haina maana kwamba mama amekosea.

Hapa pana tofauti ambayo yafaa kuielewa. Weupe tunaouzungumzia uko ndani, nyuma ya mboni. Kovu jeupe lililo juu ya kioo cha mbele cha jicho, kama lile linaloachwa na surua, upungufu wa vitamini A au kidonda, ni jambo jingine. Kadhalika mtoto wa jicho, ambao watoto wengine huzaliwa nao, huonyesha weupe katika mboni pasipo kuwa saratani. Hata hivyo mzazi asijisumbue kubainisha kipi ni kipi. Mtoto wa jicho kwa kichanga nao huhitaji upasuaji wa mapema, la sivyo ubongo hushindwa kujifunza kuona. Weupe wowote ndani ya mboni ya mtoto ni sababu ya kwenda hospitali wiki hiyo hiyo.

Dalili ya pili kwa wingi ni makengeza. Macho ya kichanga huweza kuyumba katika miezi michache ya mwanzo, lakini mtoto aliyekwisha kupita miezi minne na jicho lake moja likawa linakwenda upande, achunguzwe, hata kama katika ukoo wenu makengeza ni jambo la kawaida. Dalili zinazofuata ni za kuchelewa zaidi: jicho kuwa jekundu lenye maumivu bila kupona kwa dawa, jicho kuwa kubwa kuliko jenzake, na mwishowe jicho kutokeza nje. Katika hatua hiyo ya mwisho kila mpita njia hutambua kuwa mtoto ni mgonjwa, lakini wakati huo saratani kwa kawaida imekwisha kutoka ndani ya jicho.

Watu huuliza kwa nini mtoto halalamiki. Jibu ni kwamba mwanzoni haumwi. Hachoki, hana homa, anakula na kucheza. Jicho moja likipoteza uwezo wa kuona, lile jingine hufanya kazi ya yote mawili, naye hajui kwamba wenzake wanaona kwa mawili. Lipo jaribio dogo ambalo mzazi anaweza kulifanya nyumbani. Mtoto akiwa ametulia na anatazama kitu anachokipenda, liziba jicho lake moja kwa kiganja bila kuligandamiza, kisha lizibe jingine. Akiwa anatulia ukiziba la kushoto, lakini analia na kuusukuma mkono wako kila unapoziba la kulia, huenda la kushoto halioni. Si kipimo cha daktari, ila ni sababu tosha ya kumwona daktari.

Simu za mkononi nazo zimekuwa na msaada ambao watengenezaji wake hawakuukusudia. Picha ikipigwa kwa flashi katika chumba chenye mwanga mdogo, macho ya mtoto huweza kuonyesha wekundu au rangi ya chungwa ndani ya mboni. Hiyo ni retina yenye afya ikirudisha mwanga. Kwa watoto wenye rangi nyeusi mng'ao huo mara nyingi hufifia na kuwa wa manjano au hudhurungi, jambo ambalo halina ubaya. Linalotakiwa kutia shaka ni tofauti kati ya macho mawili: moja lina rangi, jingine ni jeupe. Picha moja huweza kudanganya, kwa kuwa mtoto akitazama upande kidogo mwanga huangukia mahali mshipa wa fahamu unapoanzia, penye weupe wa asili. Piga nyingine, mtoto akitazama mbele. Weupe ukijirudia, ihifadhi picha hiyo na uende nayo hospitalini. Mtaalamu wa macho ataishukuru.

Mtaalamu mwenyewe hutumia njia ile ile kwa chombo bora zaidi. Huzima taa, husimama umbali wa urefu wa mkono, na hutazama mboni zote mbili kwa pamoja kupitia tochi yenye lenzi. Kipimo hicho huchukua chini ya dakika moja wala hakimwumizi mtoto. Kwa maoni yetu kingefaa kuwa sehemu ya kila hudhurio la kliniki ya watoto, kama ilivyo mizani. Hadi hapo, wazazi wanayo haki ya kukiomba. Watoto wetu hufika kliniki kwa chanjo wakiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha miezi 9 na miezi 18, hizo ni nafasi tano za kumwambia mhudumu, "Naomba umtazame na macho."

Tofauti kati ya kuwahi na kuchelewa imepimwa. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti mkubwa uliokusanya taarifa za watoto 4,351 wenye ugonjwa huu kutoka nchi 153. Katika nchi tajiri, umri wa kati wa mtoto anapogunduliwa ulikuwa miezi 14 hivi. Katika nchi maskini ulikuwa miezi 30 na ushei. Katika nchi tajiri watoto ambao saratani ilikuwa imekwisha kutoka nje ya jicho hawakufika 2 kati ya 100. Katika nchi maskini walikuwa 49 kati ya 100. Ugonjwa ni ule ule na mtoto ni yule yule; kinachotofautiana ni mwaka mmoja na miezi minne. Pale unapogunduliwa ungali ndani ya jicho, zaidi ya watoto 95 kati ya 100 hupona kabisa katika nchi zenye huduma kamili. Ukishafuata mshipa wa fahamu hadi ubongoni, au ukaingia katika damu na uboho wa mifupa, kuuponya huwa kazi ngumu mno hata huko.

Miezi hiyo inapotelea wapi? Mingine hupotelea nyumbani, kwa kusubiri. Mingine hupotelea kwa tiba za jirani: maji ya majani, maziwa ya mama, asali au unga wa dawa unaotiwa jichoni. Hakuna tone wala unga unaofika kwenye retina, na baadhi ya vitu hivyo huunguza kioo cha jicho na kuongeza ugonjwa juu ya ugonjwa. Wengine huona weupe ule kuwa ni mkono wa mtu, wakaanza kutafutana ubaya na majirani. Lakini tuseme kweli, miezi mingine hupotelea katika vituo vya huduma, mtoto anapopewa tyubu ya dawa ya macho na mama kuambiwa arudi baada ya wiki mbili, kisha wiki mbili tena. Tyubu hiyo ni ya maambukizi ya nje. Haina kazi yoyote kwa weupe ulio ndani, na mzazi aliyepewa tyubu kwa dalili hii asione haya kuomba barua ya rufaa papo hapo.

Njia ya rufaa ni fupi kuliko inavyodhaniwa. Kutoka zahanati au kituo cha afya mtoto aelekezwe kitengo cha macho cha hospitali ya wilaya, na kutoka hapo apelekwe moja kwa moja kwenye hospitali ya kanda au ya taifa yenye daktari bingwa wa macho pamoja na wataalamu wa saratani za watoto. Nchini mwetu hospitali za namna hiyo ni pamoja na Muhimbili jijini Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi na Bugando jijini Mwanza. Hakuna haja ya kungoja kambi ya macho ipite kijijini. Kabla ya safari, beba kadi ya kliniki, barua ya rufaa, na picha kama ipo. Muhimu kuliko vyote, baba na mama wazungumze kwanza na kukubaliana, maana huko mbele yatahitajika maamuzi ambayo mama aliye peke yake wodini, simu ya mumewe ikiwa haipatikani, hulazimika kuyaahirisha.

Huko hospitalini mtoto hupewa dawa ya usingizi ili daktari aweze kuyapanua na kuyatazama macho yote mawili kwa utulivu. Hupigwa ultrasaundi, na mara nyingine picha za kichwa, kuona kama mshipa wa fahamu umeguswa. Katika saratani nyingine daktari hukata kipande cha uvimbe na kukipeleka maabara kabla ya kutibu. Hapa hafanyi hivyo. Kulitoboa jicho lenye ugonjwa huu ni kuufungulia mlango utoke, ndiyo maana uamuzi hutegemea macho ya bingwa na vipimo vya picha. Mzazi akielezwa kwamba jicho litaondolewa bila "kipimo cha nyama" kutangulia, asidhani amepunjwa huduma.

Uvimbe ukiwa mdogo, jicho huweza kuokolewa, na pengine uoni wake pia. Huchomwa kwa mwanga wa leza, au hugandishwa kwa baridi kali, mara nyingi baada ya kupunguzwa kwa tibakemikali, yaani dawa za saratani zinazotiwa mshipani kwa awamu. Nchi tajiri hupeleka dawa hizo moja kwa moja katika mshipa wa damu unaolisha jicho. Lakini uvimbe ulioujaza mpira wa jicho, kama ilivyo kwa watoto wetu wengi wanapofika, hutibiwa kwa kuliondoa jicho lote.

Hapa ndipo familia nyingi hugeuka na kurudi nyumbani, kwa hiyo yafaa tukae kidogo. Mzazi anamwona mtoto wake anakimbia, anacheka, hana maumivu. Anaambiwa akubali atolewe jicho. Moyo wowote wa mzazi hukataa. Wengine huogopa jina la chongo litakalomfuata mtoto shuleni, na wengine wamesikia kwamba jicho likitolewa mtoto hufa. Hofu hii ya mwisho ina chanzo chake: huko nyuma, na hata sasa, watoto wengi hufanyiwa upasuaji wakiwa wamechelewa, saratani imekwisha kutoka, wakafariki baadaye. Majirani hukumbuka upasuaji, hawakumbuki mwaka mmoja uliotangulia. Ukweli ni kwamba jicho linalotolewa kwa sababu hii kwa kawaida haliwezi kuona tena, wala hakuna dawa itakayolirudishia uoni. Likibaki halibaki kama jicho. Hubaki kama njia ya saratani kuelekea ubongoni. Tangu mwaka 1809 daktari mpasuaji wa Scotland, James Wardrop, alikwisha kuandika kwamba mtoto wa ugonjwa huu aokolewe kwa kuondolewa jicho mapema, ugonjwa ungali ndani. Miaka zaidi ya 200 baadaye zimeongezeka dawa na mashine, lakini neno hilo halijatanguka.

Upasuaji wenyewe si mrefu, na mtoto huwa amelala usingizi. Mahali pa jicho huwekwa kipira kinachoshika umbo, na baada ya wiki kadhaa, kidonda kikishapona, hutengenezewa jicho la bandia linalofanana na jenzake. Jicho lililotolewa hupelekwa maabara ya patholojia, ambako huangaliwa kama saratani ilikuwa imeufikia mshipa wa fahamu au tabaka zinazolizunguka jicho. Jibu hilo ndilo linaloamua kama tibakemikali inahitajika. Msiondoke bila kuliulizia, na mkiambiwa mrudi kulifuata, mrudi.

Tibakemikali ina taabu zake: nywele hunyonyoka, mtoto hutapika, na kinga ya mwili hushuka. Homa kwa mtoto aliye katika dawa hizo ni dharura ya usiku huo huo, si ya kungoja asubuhi. Jambo linalowasumbua zaidi wataalamu ni watoto wanaoanza vizuri kisha hawarudi. Uvimbe hunywea baada ya awamu ya kwanza au ya pili, jicho linaonekana limepona, shamba linahitaji mikono, nauli imekwisha. Familia inabaki nyumbani. Saratani iliyotibiwa nusu hurudi, na dawa zilizoishinda mwanzoni huenda zisiishinde tena.

Kuhusu gharama, sera ya afya ya nchi yetu huwasamehe watoto wa chini ya miaka 5 malipo ya matibabu katika vituo vya umma. Mzigo mkubwa hubaki katika nauli, chakula na mahali pa kulala kwa anayemwuguza. Mwone mapema Afisa Ustawi wa Jamii, wa halmashauri na wa hospitali mnayopelekwa, wala si siku ambayo fedha zimekwisha. Viongozi wa vitongoji na vijiji nao wanaweza kusaidia kwa jambo rahisi: kujua kwamba katika eneo lao kuna mtoto anayetakiwa kurudi hospitali tarehe fulani, na kumwulizia.

Yapo maswali ya lawama ambayo huvunja nyumba. Ugonjwa huu haukuletwa na chakula alichokula mama mjamzito, wala uzinzi, wala laana. Hutokana na hitilafu katika jeni iitwayo RB1. Kila chembe ina nakala mbili za jeni hiyo, na saratani huanza pale nakala zote mbili zinapoharibika. Wazo hilo la mapigo mawili alilitoa mtafiti Mmarekani Alfred Knudson mwaka 1971. Kwa watoto 60 hivi kati ya 100, mapigo yote mawili hutokea katika chembe moja ya jicho moja, kwa bahati mbaya tupu. Kwa wale wengine wapatao 40, pigo la kwanza liko katika mwili mzima tangu mimba, ama kwa kurithiwa ama, mara nyingi zaidi, kwa kuzuka upya kwa mtoto huyo bila mzazi kuwa nalo. Hao huweza kuugua macho yote mawili, huugua wakiwa wadogo zaidi, na watakapokuwa watu wazima kila mtoto watakayemzaa ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi hitilafu hiyo.

Kwa hiyo mtoto mmoja akigunduliwa, wadogo zake na wakubwa zake walio wadogo kiumri wapelekwe wakachunguzwe, hata kama macho yao ni mazuri. Mtu aliyepona ugonjwa huu utotoni na sasa anapata mtoto, amfikishe kichanga wake kwa bingwa wa macho katika wiki za mwanzo, kisha kwa ratiba atakayopewa, hadi miaka ya mwanzo ya shule. Mwenye aina ya kurithiwa hubaki na uwezekano mkubwa kuliko wengine wa kupata saratani nyingine baadaye, hasa akiwa alitibiwa kwa mionzi. Uvimbe wowote mpya au maumivu ya mfupa yasiyoisha asiyanyamazie, na daktari anayemwona aelezwe historia hiyo.

Mtoto aliyepona kwa jicho moja husoma, hucheza na hufanya kazi kama wenzake. Jicho la bandia husafishwa kwa maji safi na mikono iliyooshwa, na hubadilishwa kadiri uso unavyokua. Jicho lililobaki lilindwe kwa miwani isiyovunjika, hata kama halihitaji nguvu ya lenzi, kwa kuwa manati, vijiti na mawe ni michezo ya kila siku ya watoto wetu. Darasani mwalimu amkalishe upande ambao jicho linaloona linauelekea ubao, na anapofundishwa kuvuka barabara akumbushwe kugeuza kichwa chote kuutazama upande asiouona.